AL-RAZI: TABIBU ALIYEZIANDIKA SIRI ZA TANURI

Wengi wanamjua Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi kuwa tabibu mkubwa wa Kiislamu. Ni wachache wanaomjua kuwa bingwa wa matanuri.

Alizaliwa mwaka wa 865 katika mji wa Rayy, karibu na Tehran ya leo. Kabla ya kuingia katika utabibu alishughulika na kimiya, elimu iliyotafuta njia ya kugeuza madini hafifu yawe dhahabu. Dhahabu hiyo hakuipata, wala hakuna aliyeipata. Lakini mambo ambayo wenziwe waliyafunika kwa mafumbo, yeye aliyaeleza waziwazi katika kitabu chake, Kitab al-Asrar, yaani Kitabu cha Siri.

Humo alivitaja vyombo vya kuyeyushia madini kimoja kimoja: jiko la mhunzi liitwalo kur, mivukuto, koleo, upawa na chungu cha kuyeyushia. Palikuwa na vyungu viwili vilivyopandana, cha juu kikiwa na matundu. Madini yakiyeyuka yalichuruzika chini, taka zikabaki juu. Palikuwa pia na tannur, neno ambalo sisi Waswahili tumelirithi tukasema tanuri. Na liko tanuri lililojipuliza lenyewe: lilikuwa na matundu, likasimama juu ya miguu mitatu mahali penye upepo, wala hapakuhitajiwa mtu wa kuvukuta.

Baadaye al-Razi aliongoza hospitali ya Rayy, kisha ya Baghdad. Huko nako alishika desturi ile ile ya kutazama kwanza ndipo aandike. Ndivyo alivyoweza kueleza tofauti ya ndui na surua katika kitabu kilichosomwa karne nyingi hata huko Ulaya.

Kazi hiyo ilimgharimu macho. Kwa miaka 15 aliandika usiku na mchana kitabu kikubwa cha tiba, mpaka macho yakadhoofika na mkono ukalegea. Hata hivyo hakuacha. Aliwataka watu wamsomee na wamwandikie. Uzeeni akapofuka kabisa.

Alifariki dunia huko Rayy mwaka wa 925, sawa na 313 Hijria. Mwanachuoni al-Biruni alipoviorodhesha vitabu vyake, alipata zaidi ya 180.

Basi al-Razi hakuacha dhahabu ya kimiya. Aliacha elimu, nayo hailiwi na moto.