BRUNEL NA NJIA YA RELI ILIYOPANDA NA KUSHUKA

Ndugu Mhariri ameniomba niwasimulie wenzangu maisha ya mtu mashuhuri aliyenifunza jambo. Kwa kuwa nilitumikia reli hadi kustaafu, namchagua Isambard Kingdom Brunel, mhandisi wa Uingereza.

Alizaliwa Portsmouth mwaka 1806. Hajatimiza miaka 27, alikabidhiwa ujenzi wa reli ya Great Western, kutoka London hadi Bristol. Wahandisi wengine waliweka reli juu ya mawe au mataruma ya kukingama, kwa upana wa futi 4 na inchi 8 na nusu. Brunel alitaka futi 7 na robo inchi, treni ziende kasi bila kuyumba. Tena alilaza mbao nene chini ya kila reli, kwa urefu wake wote, akazifunga kwenye nguzo zilizopigiliwa ardhini ili zisiinuke.

Sehemu ya kwanza, hadi Maidenhead, ilifunguliwa Juni 1838. Kasoro ikaonekana mara moja. Kifusi kilichoshindiliwa chini ya mbao kilididimia, lakini nguzo hazikudidimia. Njia ikawa vilima na mabonde, abiria wakarushwa. Wenye hisa walinung'unika, wahandisi wengine wakaitwa kukagua. Brunel akakubali nguzo ziachanishwe na mbao. Akaongeza unene wa mbao na uzito wa reli, na njia ikatulia.

Mwaka 1846 sheria iliamuru reli mpya kwa kawaida zifuate kipimo cha wenzake. Alifariki mwaka 1859, na njia zake pana za mwisho zilibadilishwa Mei 1892 kwa siku mbili, na wafanyakazi zaidi ya 4,000.

Ndugu zangu, nilipokuwa kijana msimamizi wa genge, nyapara mmoja mzee alinionya kuwa tuta la kuingilia darajani litadidimia, na daraja litabaki palepale. Nilimdharau kwa sababu ya cheti changu. Mvua zilipokuja, behewa la mizigo liliacha njia. Hakuna aliyeumia, lakini katika taarifa nilimtwisha mzee yule kosa langu.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma habari za Brunel, nikaona kosa ni lile lile, ila mwenzangu alikubali kurekebisha mbele ya watu. Nilifunga safari kumtaka radhi nyapara. Nikaambiwa alikwisha kuachishwa kazi na kurudi kwao. Sikumpata tena.