Griffin wa Eldoret na watoto wa Manyani

Geoffrey William Griffin alizaliwa Eldoret tarehe 13 Juni 1933, mtoto wa Kizungu katika koloni la Waingereza. Wengi wetu twamjua kwa shule ya Starehe. Lakini kazi yake ya ulezi ilianzia ndani ya seng'enge, kwa wavulana waliokuwa kizuizini.

Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, Griffin alikuwa na miaka 19. Aliingia jeshini kupigana na Mau Mau. Aliyoyaona huko yalimchoma moyo, na muda wake ulipokwisha hakutaka kuendelea.

Wakati huo Manyani, kando ya barabara yetu ya kwenda Nairobi, wavulana walikuwa wamezuiliwa kambi moja na watu wazima, bila ya kesi. Katikati ya miaka ya 1950 walitengwa, wakahamishiwa Wamumu, upande wa Mwea, na Griffin akawa miongoni mwa wasimamizi wao. Huko walisoma na kufundishwa kazi za mikono. Tusiipambe Wamumu: nayo ilikuwa kizuizi cha mkoloni. Hata hivyo, mtoto alihesabiwa mtoto.

Somo hilo Griffin hakuliacha. Novemba 1959, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, alifungua Starehe katika vibanda viwili vya mabati, kuwapokea watoto wa mitaani Nairobi. Mwaka 1964 akawa mkurugenzi wa kwanza wa Huduma ya Vijana kwa Taifa, huku Starehe akiiongoza hadi alipofariki tarehe 28 Juni 2005. Alizikwa hapo hapo shuleni.

Nimemkumbuka kwa sababu ya maneno ninayoyasikia mabarazani. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ilipandisha umri wa mtoto kubeba jinai kutoka miaka 8 hadi 12, na kila aliye chini ya miaka 18 ahesabiwa mtoto mbele ya sheria. Lakini vijana wa mapanga wakivamia Kisauni au Likoni, twataka hata wa miaka 15 wahukumiwe kama wakubwa.

Hasira hiyo naielewa. Aliyekatwa panga hana nafasi ya kuuliza umri wa aliyemkata, na haki yake lazima aipate. Lakini wavulana wa Manyani nao walihesabiwa maadui wa serikali, na baadhi yao walitoka Wamumu wakiwa mafundi. Mtoto tukimtia jela ya wakubwa, huko ndiko atakakolelewa, kisha atarudi mtaa huu huu. Udongo upate uli maji.