Shaaban Robert: karani aliyezifikisha hadithi zake mwisho

Msikilizaji wetu, uwe Hedaru kando ya barabara kuu au juu Mamba Myamba kwenye mashamba ya tangawizi, huenda nyumbani kwako kuna daftari ambalo hupendi mtu alifungue. Ndani yake mna hadithi uliyoianza kwa hamu kubwa. Sura ya kwanza imejaa, ya pili imefika nusu, ya tatu ina kichwa cha habari tu. Kisha mvua zikaanza, shamba likakuita, mtoto akaugua, na uliporudi kwenye daftari ukakuta wahusika wako wamesimama palepale ulipowaacha, na wewe mwenyewe hujui walikuwa wanakwenda wapi.

Leo tunasimulia maisha ya mtu aliyeajiriwa miaka 34, akalea watoto, akafiwa, akaandika vitabu zaidi ya 20. Shaaban Robert unamjua tangu darasani. Hapa tunamtazama kwa jambo moja hasa: namna hadithi zake zilivyofika mwisho.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, eneo la Machui, karibu na mji wa Tanga. Kutoka kwetu si mbali sana. Reli inayoanza bandari ya Tanga hupita Korogwe na Mombo, ikaambaa chini ya Usambara, kisha chini ya milima yetu ya Upare mpaka Same na Moshi. Mwaka aliozaliwa, Wajerumani walikuwa bado wanaijenga kuelekea Moshi.

Alisoma Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926. Elimu yake ya darasani iliishia hapo. Hakwenda chuo, wala hapakuwa na mtu wa kumfundisha namna ya kupanga riwaya. Mwaka 1926 aliajiriwa karani wa forodha, akafanya kazi hiyo hadi 1944, Pangani ikiwa mojawapo ya vituo vyake. Baada ya hapo alihamia idara ya wanyamapori, kisha mwaka 1946 ofisi ya mkuu wa wilaya Tanga, na kuanzia 1952 hadi 1960 ofisi ya upimaji wa ardhi.

Ukiyapanga hayo unaona tatizo lake mara moja. Karani wa serikali ya kikoloni hakuwa na mchana wake mwenyewe. Mchana ulikuwa wa hesabu na barua za ofisi. Hadithi ilibakiziwa saa za pembeni, nazo saa za pembeni zina wenyewe: mke, watoto, wagonjwa, wageni. Mkewe Amina alifariki mapema, akamwachia watoto wadogo. Msiba huo ameuandika mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, na shairi la kumlilia mkewe bado linasomwa mashuleni. Mwanawe wa kike na wa kiume aliwatungia tenzi za mawaidha, kila mmoja wake. Kwa hiyo anayedhani waandishi wakubwa walikuwa na nafasi tusizo nazo sisi, kwa Shaaban Robert amekosea nyumba.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alianza kazi ambayo wengi tungeiacha njiani. Alitunga utenzi wa vita hivyo, tangu 1939 hadi 1945, na ulipokamilika ulikuwa na beti zipatazo 3,000. Huo ni utenzi, si riwaya, lakini ugumu wake kila mwandishi anaujua: aliandika habari ambayo mwisho wake hakuna aliyeufahamu.

Mwaka huohuo vita vilipokwisha, hapa kwetu kulikuwa na jambo jingine. Januari 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani wakakusanyika Same kuipinga kodi ya mbiru, kodi iliyokadiriwa kwa kipato cha mtu. Walikuja na hoja wakitaka wasikilizwe, na ilichukua muda mrefu kusikilizwa. Wazee wetu wanalijua jambo hili vizuri kuliko sisi tunaoliandika.

Nalitaja kwa sababu ya kitabu kilichotoka miaka sita baadaye, mwaka 1951, nacho ni Kusadikika. Sisemi kimetokana na mbiru. Ila msomaji wa Same akikifungua atajikuta yuko mahali anapopajua. Kusadikika ni nchi inayoning'inia hewani. Kijana Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kueneza elimu ya sheria. Katika kujitetea, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, nne za dunia na mbili za mbinguni na ardhini, wakatafute mambo mema ya kuifaa nchi. Kila mjumbe alipata taabu njiani, akarudi na ushauri mzuri, na malipo yake yakawa kifungo.

Aliyeandika hayo alikuwa anakula mshahara wa serikali ileile ya kikoloni. Kwa kuiweka nchi yake hewani, mbali na Tanganyika, aliweza kusema mengi bila kumgusa mtu kwa jina.

Sasa tazama ujenzi wa kitabu, maana hapa ndipo mwenye daftari anapaswa kukaza macho. Wajumbe ni sita, na idadi hiyo ipo tangu mwanzo. Kila mmoja ana safari yake, nayo ina kutoka, kufika, kurudi na kuhukumiwa. Mwandishi anapokaa kuandika habari za mjumbe wa tatu, hajiulizi sura hii itaishia wapi. Itaishia gerezani. Kazi iliyobaki ni kumfikisha huko kwa njia tofauti na ya mwenzake. Nyuma ya safari zote sita kuna swali moja ambalo halijajibiwa: Karama ataokoka au hataokoka? Sura inafunga, na kitabu kinabaki wazi.

Sura nyingi hukwama kwa sababu aliyeandika anazidai kazi mbili kwa wakati mmoja. Anataka sura imalize kila kitu, na anataka pia msomaji aendelee. Shaaban Robert alizitenganisha kazi hizo. Jambo dogo liliisha ndani ya sura, kubwa likasubiri.

Kufikirika imejengwa karibu na njia hiyo. Mfalme hana mtoto, na makundi ya waganga yanaitwa moja baada ya jingine, wa mizizi, wa hirizi, wa makafara na wengineo. Kila kundi linajaribu kwa namna yake, na kushindwa kwa kundi moja ndiko kunakomfungulia mlango linalofuata. Adili na Nduguze, ya mwaka 1952, inatumia njia nyingine. Mwanzoni tunaambiwa kuhusu mtu mwema ambaye kila usiku huwapiga manyani wawili, kisha huwabembeleza. Kwa nini? Jibu linapatikana baada ya hadithi ndefu ya ndugu watatu, na mwandishi anajua tangu ukurasa wa kwanza deni analodaiwa. Hadithi hiyo ina asili katika visa vya Alfu Lela Ulela, na hakuona aibu kuazima. Bibi zetu wanaposimulia jikoni huazima vilevile, na hadithi zao haziishii njiani.

Njia hii ina gharama yake. Ukifika kwa mjumbe wa nne wa Kusadikika, unaweza kukisia yatakayompata. Wahusika wamepewa majina ya tabia zao, Majivuno ni mwenye majivuno na hageuki, na mawaidha mara nyingine hukalia hadithi kama mgeni asiyeaga. Waandishi waliomfuata, Kezilahabi mmojawao, waliandika kwa namna nyingine kabisa, na walikuwa na haki. Lakini mwandishi anayeanza, ambaye tatizo lake ni kukwama katikati, atajifunza mengi zaidi kwa karani wa Tanga kuliko kwa hao.

Kumaliza mswada kulikuwa jambo moja. Kuuchapisha lilikuwa jambo jingine, na hapo hakuwa na uwezo wa kuamua peke yake. Alipata heshima, alikaa kwenye kamati za lugha ya Kiswahili, Waingereza walimpa nishani ya MBE. Pamoja na hayo, baadhi ya miswada yake ilikaa tu. Kufikirika aliiandika mwaka 1946. Miaka ikapita, akaandika vitabu vingine, akaandika hata wasifu wa mwimbaji Siti binti Saad wa Unguja, akastaafu, na Kufikirika bado haijawa kitabu.

Simulizi ya maisha yake mwenyewe nayo aliigawa. Sehemu ya kwanza aliitoa mwaka 1949, akiwa na miaka 40. Hakusubiri uzee ndipo aanze. Baadaye, alipopita hamsini, aliandika sehemu ya pili.

Alifariki Juni 1962, miezi sita tu baada ya Tanganyika kupata uhuru, akazikwa kwao Machui. Alikuwa na miaka 53.

Kufikirika ilichapishwa mwaka 1967. Ilikuwa imengoja miaka 21, na mwenyewe alikuwa kaburini kwa miaka mitano. Mwaka huo ulitoka pia ule utenzi wa vita. Mwaka 1968 zikafuata Utubora Mkulima, habari ya mtu anayeacha kazi ya ukarani akaenda shamba, na Siku ya Watenzi Wote. Waliovipeleka vitabu hivyo kiwandani hawakuwa na mwandishi wa kumwuliza mjumbe huyu aliishia wapi au mfalme yule alipata nini. Hawakuhitaji kumwuliza. Yote yalikuwa kwenye karatasi, mpaka ukurasa wa mwisho.