McGrory: Mfungaji aliyezipa kisogo pauni za Arsenal

JIMMY McGrory, mshambuliaji wa Celtic ya Scotland aliyefariki dunia Oktoba 20, 1982 akiwa na umri wa miaka 78, aliacha rekodi ya mabao 550 katika mechi 547 za mashindano. Hata hivyo, wanaomuenzi humkumbuka pia kwa uamuzi mmoja uliomgharimu fedha.

Alizaliwa Aprili 26, 1904 katika mtaa wa makabwela wa Garngad, jijini Glasgow, kwa wazazi wenye asili ya Ireland. Celtic ilimsajili mwaka 1922, ikamtoa kwa mkopo Clydebank msimu wa 1923/24, kisha ikamrejesha nyumbani.

Silaha yake kubwa ilikuwa kichwa. Katika fainali ya Kombe la Scotland ya mwaka 1925, alijirusha na kupachika kwa kichwa bao lililoipa Celtic ushindi wa 2-1 dhidi ya Dundee. Januari 14, 1928 alizitikisa nyavu za Dunfermline mara nane peke yake, timu yake ikishinda 9-0.

Kiangazi cha mwaka huo, Arsenal ilimtaka kwa kitita kikubwa na viongozi wa Celtic walikuwa tayari kumuuza. Meneja Herbert Chapman alimfuata London, McGrory akiwa safarini kwenda kuhiji Lourdes, Ufaransa. Alikataa. Aliporejea akashawishiwa tena, akakataa tena.

Shukrani ya punda ni mateke. Baadaye ilibainika kuwa klabu hiyo ilikuwa ikimlipa ujira pungufu kuliko wenzake.

McGrory hakuondoka. Msimu wa 1935/36 alifunga mabao 50 ya ligi na Celtic ikatwaa ubingwa. Timu ya taifa ilimwita mara saba tu, kwani nafasi yake mara nyingi ilishikwa na Hughie Gallacher. Hata hivyo, mwaka 1933 alifunga mabao yote mawili Scotland ilipoilaza England 2-1 katika uwanja wa Hampden.

Alistaafu mwaka 1937 na kuinoa Kilmarnock, kisha akarudi Celtic kama meneja kuanzia mwaka 1945 hadi 1965. Chini yake, mwaka 1957, Celtic iliibugiza Rangers 7-1 katika fainali ya Kombe la Ligi.

Mabao yake 408 katika mechi 408 za ligi yanatosha kueleza thamani ya mchezaji ambaye klabu yake ilikubali kumuuza, yeye akakataa kuuzwa.