Walter Plowright: Mtafiti wa Muguga aliyeishinda sotoka
Mfugaji wa Witeithie leo haijui sotoka, maradhi yaliyowahi kufyeka ng'ombe kote Afrika Mashariki. Anayestahili shukrani ni Walter Plowright, daktari wa mifugo aliyezaliwa Uingereza mwaka wa 1923. Katika maabara ya Muguga, papo hapo Kiambu, alividhoofisha virusi vya sotoka kwa kuvikuza takriban mara 90 ndani ya seli za figo za ndama. Chanjo hiyo moja ilikinga ng'ombe dhidi ya aina zote za sotoka, tena maishani mwake mwote. Kinga pana kama hiyo ndiyo wanasayansi wangali wanaitafuta dhidi ya jamii ya virusi vya korona. Plowright alifariki Februari 2010. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka wa 2011, naye hakuwahi kuisikia habari hiyo.