Mdeni Aliyesamehewa

Camillus de Lellis, aliyezaliwa Italia mwaka 1550, alikuwa askari na mcheza kamari. Alipoteza vyote alivyokuwa navyo, akaombaomba mlangoni pa kanisa. Tarehe 2 Februari 1575 neema ya Mungu ilimgusa safarini. Akapiga magoti, akazililia dhambi zake. Tangu hapo, ijapokuwa kidonda cha mguuni hakikupona, aliwatumikia wagonjwa mjini Roma, akiwaosha na kuwalisha kama kwamba ni Kristo mwenyewe. Akaanzisha shirika la Watumishi wa Wagonjwa, akafariki mwaka 1614.

Nasi tutokapo kuungama tumesamehewa deni kubwa. Basi, shukrani yetu na imfikie kwanza jirani aliyelala kitandani bila mtu wa kumtekea maji.