Breckinridge: Makamu wa Rais aliyegeuka jenerali wa waasi

Februari 13, 1861, Makamu wa Rais wa Marekani, John C. Breckinridge, alisimamia hesabu ya kura za urais na kumtangaza mshindi, Abraham Lincoln, aliyemshinda yeye mwenyewe. Kabla mwaka huo haujaisha, alikuwa akipigana dhidi ya serikali hiyo hiyo.

Mwanasheria huyo wa Kentucky, aliyezaliwa mwaka 1821, alishika umakamu akiwa na miaka 36. Hajapatikana makamu kijana kuliko yeye hadi leo. Mwaka 1860 aligombea urais kwa tiketi ya Wademokrati wa Kusini, watetezi wa utumwa.

Septemba 1861, akiwa Seneta, alitorokea Kusini kukwepa kukamatwa. Desemba, Seneti ikamfukuza kwa usaliti.

Tofauti na wanasiasa wengi waliovikwa ujenerali, huyu aliweza kazi. Hata hivyo gharama ilikuwa kubwa. Januari 2, 1863, huko Murfreesboro, Tennessee, alipinga amri ya mkuu wake, Braxton Bragg, ya kushambulia mbele ya mizinga ya adui. Hatimaye alitii, na askari wake zaidi ya 1,000 wakauawa au kujeruhiwa kwa muda wa saa moja hivi.

Waasi waliposhindwa mwaka 1865, akiwa Waziri wao wa Vita, alikimbilia Cuba kwa mashua. Alirejea mwaka 1869 baada ya msamaha, asigombee tena cheo chochote, na kufariki Lexington Mei 17, 1875.